Mzee anayemtafuna mtoto: kuisoma chapa ya Saturn na watoto wake

Swali la msomaji: "Nimeletewa zawadi kutoka Ubelgiji, picha ya zamani ya karatasi, nyeusi na nyeupe. Juu mawinguni kuna mzee mwenye ndevu, nusu uchi, amepanda gari linalovutwa na majoka mawili yenye mabawa. Mkono mmoja ameshika mundu wa mpini mrefu, mwingine amemshika mtoto na anamtia mdomoni. Kwenye magurudumu kuna mbuzi na mtu anayemimina maji. Chini kuna wakulima wanaolima, mtu wa magongo, mfungwa aliyefungwa kwenye mkatale na, kwa mbali, mti wa kunyongea. Ukingoni kuna Kilatini chenye vifupisho 'inv.', 'sculp.' na 'excud.' Mama anasema huyo ni mchawi, niiondoe ukutani. Ni nani huyu, picha inasema nini, na nitajuaje kama ni ya zamani kweli?"

Jibu:

Mwambie mama, kwa heshima zake zote, kwamba huyo si mchawi. Ni Saturn, mungu wa Warumi ambaye Wagiriki walimwita Kronos, na hapo amechorwa kama sayari. Ni ile sayari ambayo Kiswahili huiita Zohali. Ndevu na uzee havitoshi kumtambulisha, maana nusu ya wanaume katika chapa (picha zilizochapishwa kwa bamba au ubao uliochongwa) za Ulaya ya kale wana ndevu. Kinachoondoa shaka ni mbuzi na mmwaga maji kwenye magurudumu.

Hao wawili unawajua tayari. Fungua ukurasa wa nyota katika gazeti lolote la Kiswahili, utawakuta mwishoni mwa orodha: Mbuzi na Ndoo. Watu wa falaki huwaita Jadi na Dalu, nao watakwambia bila kufungua kitabu kwamba hizo mbili ni nyumba za Zohali. Mchongaji wa chapa yako alijua jambo hilohilo, na haikuwa bahati. Elimu hiyo iliandikwa na Ptolemy, mwanazuoni wa nyota wa Alexandria, Misri, katika karne ya 2, ikapita mikononi mwa wanajimu walioandika Kiarabu, akiwemo Abu Ma'shar wa Baghdad aliyefariki mwaka 886, kisha ikarudi Ulaya kwa Kilatini. Kitabu kimoja cha Abu Ma'shar kilichapishwa Augsburg, Ujerumani, mwaka 1489, kikiwa na picha za mbao. Pwani yetu ilipokea elimu hiyo kwa njia ya bahari, na ndiyo maana msomaji wa Kiswahili ana ufunguo ambao Mzungu wa leo mara nyingi hana.

Ufunguo huo unafungua mfululizo mzima, kwa sababu chapa kama yako haikutolewa peke yake. Huwa ni saba, moja kwa kila sayari ya wakati ule, Jua na Mwezi zikiwemo. Ukikuta Mshale na Samaki, mwenye gari ni Jupiter, yaani Mshtarii. Mars, yaani Mirihi, ana kondoo dume na Nge. Magazeti yetu huyo kondoo humwita Punda, kwa hiyo usimtafute punda ndani ya picha. Simba ni wa Jua peke yake na Kaa ni wa Mwezi peke yake. Venus, yaani Zuhura, ana Ng'ombe na Mizani, na gari lake mara nyingi huvutwa na njiwa au bata maji. Mapacha na Mashuke ni wa Mercury, sayari ambayo Kiswahili kinaiita Utaridi na pengine Zebaki, neno lilelile la madini yanayotiririka. Wanaalkemia wa Ulaya, wale waliotafuta kugeuza madini kuwa dhahabu, nao waliipa sayari na madini hayo jina moja.

Kama chapa yako ina namba pembeni, iangalie. Mfululizo unaoanzia juu kabisa hufuata mpangilio wa mbingu kama ulivyofikiriwa kabla ya watu kukubali kwamba Dunia ndiyo inayolizunguka Jua: Saturn, Jupiter, Mars, Jua, Venus, Mercury, Mwezi. Mpangilio huo ndio uliozaa siku za juma. Kila saa ya mchana na usiku ilipewa sayari yake kwa zamu. Anza Jumamosi na Saturn. Saa ya 8, ya 15 na ya 22 zinarudi kwake, ya 23 ni ya Jupiter, ya 24 ya Mars, na saa inayofuata, ya kwanza ya Jumapili, inaangukia Jua. Endelea hivyo hadi Ijumaa utamkuta Venus. Kwa kuwa siku zetu zinahesabiwa kwa namba kutoka Ijumaa, jambo hili limefichika kwenye Kiswahili, lakini kwenye vitabu vya falaki liko wazi.

Sasa mtoto. Hadithi ya Kigiriki inasema Kronos alimpindua baba yake, Mbingu, kwa kumkata kwa mundu aliopewa na mama yake, Ardhi. Baadaye akatabiriwa kwamba yeye naye atapinduliwa na mwanawe, basi kila mkewe Rhea alipojifungua, alimmeza mtoto. Aliponusurika wa mwisho, Zeus, ni kwa sababu Rhea alimfungia mumewe jiwe ndani ya nguo za mtoto mchanga, naye akalimeza bila kuangalia. Zeus akakulia kwa siri Krete. Chapa nyingine huonyesha jiwe hilo lililofungwa nguo, na anayeiona mara ya kwanza hudhani ni mtoto mwingine au furushi la mkate. Tazama pia kwamba katika hadithi mzee anameza mzimamzima, lakini wachongaji walipenda kumchora akitafuna, maana kumeza hakuonekani vizuri kwenye picha.

Mundu una mizigo miwili. Wa kwanza ni huo wa kumkata baba. Wa pili ni wa Warumi, waliomfanya Saturn mungu wa kilimo. Hekalu lake lilikuwa chini ya kilima cha Capitolium mjini Roma, na humo ndimo hazina ya dola ilimotunzwa. Kisha ukaja mzigo wa tatu kwa njia ya sikio. Jina Kronos linakaribiana na chronos, neno la Kigiriki la wakati, na tangu zama za kale watu walikuwa wakiyachanganya, wengine kwa makusudi. Kuanzia hapo mzee anayekula wanawe akawa wakati unaokula kila unachokizaa. Ndipo akaanza kuonekana na joka linalouma mkia wake, yaani mwaka unaorudi ulikoanzia, na kioo cha mchanga cha kupimia saa, ambacho mabaharia wetu wa zamani walikiita shisha kabla neno halijahamia kwenye moshi.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu mundu hushikwa na wengi. Ukiona mifupa mitupu, hiyo ni Mauti. Ukiona mzee mwenye mabawa na kioo cha mchanga, bila mtoto mdomoni na bila alama za nyota, huyo ni Wakati, jamaa yake Saturn lakini mwenye kazi nyingine: mara nyingi anamfunua mwanamke uchi ambaye ni Ukweli. Mzee aliyejifunika manyoya akiota moto ni Kipupwe cha Ulaya katika mfululizo wa majira manne. Wako ni Saturn wa sayari kwa sababu ana vitu vitatu kwa pamoja: mtoto, Mbuzi na Ndoo. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, tafuta ushahidi mwingine kabla ya kutaja jina.

Ila kama ukiishia juu mawinguni, umeisoma nusu ya picha tu, tena nusu isiyo na uzito. Chapa hizi huitwa watoto wa sayari. Juu ni chanzo, chini ni watu waliozaliwa chini ya nyota ile, na mnunuzi wa karne ya 16 alikuwa akitazama chini, akitafuta jirani zake na nafsi yake. Saturn ndiye sayari ya mbali kuliko zote zilizojulikana na huchukua karibu miaka 29 na nusu kumaliza mzunguko mmoja, huku Mwezi ukimaliza kwa siku 27 na kidogo. Kwa hiyo ni mzee, mzito, anayechechemea. Katika chapa nyingine yeye mwenyewe anatembelea gongo. Tabia yake ni baridi na ukavu, madini yake ni risasi, na ndani ya mwili wa binadamu anatawala nyongo nyeusi, ile ambayo waganga wa Kiyunani waliiona kuwa mama wa huzuni. Ukiyapanga hayo, watu wa nusu ya chini wanajieleza wenyewe. Wakulima wako pale kwa sababu ya mundu na udongo, udongo ukiwa baridi na mkavu. Wachimba madini na watengeneza ngozi nao huonekana, kwa kuwa kazi zao ni za gizani na za uvundo. Mtu wa magongo anafuata mwendo wa sayari. Mfungwa kwenye mkatale na aliyeko kwenye mti wa kunyongea wako pale kwa sababu Saturn huhesabiwa kuwa sayari ya nuhusi kubwa, ya kufungwa na kucheleweshwa. Hakuna hata mmoja aliyewekwa kujaza nafasi.

Kuna jambo jingine chapa yako haitaji, nalo litakusaidia kuelewa kwa nini watu wenye elimu walitundika Saturn nyumbani. Mwaka 1489, Marsilio Ficino, mwanafalsafa wa Firenze (Florence), Italia, alichapisha kitabu cha afya ya wasomi akidai kwamba nyota hiyohiyo ya huzuni ndiyo nyota ya wenye fikra nzito. Miaka 25 baadaye, 1514, Albrecht Dürer, msanii wa Nürnberg, Ujerumani, alichonga Melencolia I, chapa ya takriban sentimita 24 kwa 18 na nusu, ambamo Saturn haonekani kabisa ila kila kitu ni chake: mtu mwenye mabawa ameinamia ngumi, bikari mkononi, mbwa mkondefu, popo aliyebeba jina la chapa, kioo cha mchanga ukutani. Kiunoni pananing'inia funguo na mfuko wa fedha, na Dürer mwenyewe aliandika kwamba funguo ni mamlaka na mfuko ni utajiri. Ukutani kuna mraba wa namba 16. Mstari wa juu ni 16, 3, 2, 13, na wa chini ni 4, 15, 14, 1. Jumlisha wowote, wa kulala, wa kusimama au wa mshazari, unapata 34, na katikati ya mstari wa chini mwaka umejificha. Anayejua miraba ya namba inayoandikwa kwenye hirizi hatashangaa. Katika elimu ya sayari iliyosomwa Ulaya wakati ule, mraba wa nne kwa nne ni wa Jupiter, na Jupiter ndiye dawa ya Saturn. Wengi huuona mraba ule kama mchezo wa hesabu. Mimi naona umetundikwa pale kama kinga.

Turudi kwenye karatasi yako na yale maandishi ya ukingoni, ambayo ni muhimu kuliko mistari mirefu ya Kilatini iliyo juu yake. "Inv." ni invenit, aliyebuni mchoro. "Sculp." au "sc." ni sculpsit, aliyechonga bamba la shaba. "Excud." au "exc." ni excudit, mwenye duka aliyechapisha na kuuza. Ukikuta "pinx." kuna mchoro wa rangi uliotangulia, "fec." ni aliyefanya, neno legelege linaloweza kumaanisha kazi zote. Herufi I husimama mahali pa J na V mahali pa U, hivyo "I. Sadeler" ni Johannes Sadeler na "SATVRNVS" haina kosa la tahajia.

Majina hayo ndiyo yatakayokuambia mfululizo. M. de Vos aliyebuni pamoja na Sadeler aliyechonga ni ule wa Antwerp, Ubelgiji, wa mwaka 1585. Heemskerck pamoja na Muller ni Uholanzi, miaka ya 1560. Goltzius aliyechongwa na Saenredam ni 1596, lakini humo mungu husimama kama sanamu huku watu wakiwa wamemzunguka chini, kwa hiyo gari lako la majoka halilingani nao. Sebald Beham alichonga sayari zake mwaka 1539 kwa udogo wa kutoshea kiganjani. Georg Pencz wa Nürnberg, 1531, alitumia mbao badala ya shaba, na mtindo wote wa gari juu na watu chini ulikwisha kuonekana Firenze tangu miaka ya 1460. Makumbusho makubwa kama Rijksmuseum la Amsterdam na British Museum la London yameweka picha za chapa hizi kwenye tovuti zao. Tafuta kwa jina la mchongaji, si kwa neno Saturn, la sivyo utazama kwenye maelfu ya matokeo.

Ukishapata inayofanana, weka simu kando ya karatasi yako na ulinganishe mikunjo ya mawingu na vidole vya miguu. Wanaonakili hujitahidi usoni na kuzembea huko. Kama picha yako imegeuka kushoto kulia, huenda ni nakala. Mnakili alichonga alichokiona, na karatasi ikakitoa kwa kinyume. Mundu mkono wa kushoto ni dalili, lakini usiifanye hukumu, kwa sababu hata mchongaji wa kwanza aliweza kugeuza mchoro wa mbunifu bila kujali nani anatumia mkono gani.

Kuhusu umri, fanya mambo haya kwa mpangilio huu, na picha ikiwa nje ya fremu. Pitisha ncha ya kidole kwa ulaini pembeni mwa picha. Chapa ya bamba la shaba ilipitishwa kati ya rola mbili nzito, karatasi ikiwa na unyevu, na kingo za bamba zikaacha mbonyeo pande zote nne. Mbonyeo ukikosekana, karatasi imekatwa hadi ndani au si chapa ya shaba. Kisha chukua kioo cha kukuzia cha mara 10 na utazame kivuli chochote. Mstari wa kuchongwa huanza mwembamba, hunenepa, humalizikia kwenye ncha kali, na wino wake umeinuka kidogo juu ya karatasi. Ukiona vitone vidogo vilivyojipanga kama wavu, hiyo imetoka kwenye kitabu au bango la kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, na kazi imekwisha hapo. Halafu inyanyue dirishani. Karatasi ya zamani inaonyesha mistari myembamba iliyosongamana, inayokatwa na mistari mingine iliyoachana kama sentimita 2 hadi 3, na pengine alama ya kiwanda. Karatasi laini isiyo na mistari ilianza kutumika vitabuni mwaka 1757 huko Birmingham, basi Saturn wa 1585 juu ya karatasi hiyo amechapishwa karibu karne mbili au zaidi baadaye. Kuwepo kwa mistari hakuthibitishi kitu, kwani karatasi hiyo inatengenezwa hadi leo.

Mtego mkubwa ni nakala za fotografia zilizochongwa kwenye bamba la shaba katika karne ya 19, ambazo zina mbonyeo na hazina vitone. Amand-Durand wa Paris alitoa nyingi na kwa uaminifu akagonga muhuri mwekundu wa A na D nyuma. Kwa hiyo geuza karatasi kabla ya kufurahi. Na hata ikiwa bamba ni lenyewe, mabamba yaliuzwa kutoka duka hadi duka na kuchapishwa mpaka yakachakaa. Dalili ni mawingu yaliyopauka, uso usio na vivuli vya kati, na mistari michache mizito iliyochongwa upya na mkono usio na subira. Jina baada ya "excud." likiwa limekwanguliwa na kuandikwa jingine, umeshika toleo la baadaye, na bei yake hushuka sana.

Ikiwa imepita majaribio hayo, usiipeleke kulaminishwa. Ikishapitishwa kwenye plastiki ya moto haitoki tena salama. Usitumie selotepu hata nyuma, gundi yake huingia ndani na kuacha doa la kahawia. Agiza kwa mtengeneza fremu kadi isiyo na asidi, nyuma na mbele, na ile ya mbele ikatwe dirisha ili kioo kisiguse karatasi. Kwenye unyevu wa pwani, karatasi iliyogusana na kioo huota ukungu na kunata. Isitundikwe kwenye ukuta wa nje unaolowa wakati wa masika, wala mahali jua linapoingia. Sebule nyingi zinashindwa masharti yote mawili. Ukanda wa ndani usio na dirisha unafaa zaidi, na huko mama hatalazimika kula chakula cha mchana akitazamana na yule mzee.